Njiwa Ambao Hawakuruka

Katika filamu ya A Beautiful Mind kuna mtoto wa kike anayekimbia katikati ya njiwa waliotua uwanjani. Njiwa hawashtuki. Hakuna hata mmoja anayepiga bawa. Wanaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna aliyepita. Watu wengi wanaoitazama filamu hii kwa mara ya kwanza hawalioni jambo hilo, kwa kuwa macho yao yanamfuata mtoto. Wakirudia kuitazama ndipo wanapogundua kwamba dalili ilikuwa mbele yao tangu mapema: mtoto huyo, Marcee, hayupo. Yumo kichwani mwa John Nash peke yake.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2001. Iliongozwa na Ron Howard kwa mswada wa Akiva Goldsman, ikanyakua tuzo 4 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Inamsimulia mwanahisabati Mmarekani aliyeugua skizofrenia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1994 akatunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na John Harsanyi na Reinhard Selten. Wapo watu wengi ambao ujuzi wao wote kuhusu ugonjwa huu umetoka kwenye filamu hii moja. Kwa hiyo inastahili kufumuliwa mshono kwa mshono.

Mshono wa kwanza ni ule wa kumdanganya mtazamaji. Nash wa filamu ana marafiki na wakubwa watatu ambao hawapo: Charles, mwenzake wa chumbani chuoni, Marcee, mpwa wa Charles, na Parcher, ofisa wa siri wa serikali anayemtuma kutafuta ujumbe wa Warusi uliofichwa magazetini. Filamu za zamani zilizoea kutangaza maruweruwe kwa ukungu, mwangwi au kamera iliyoinama. Howard aliyaacha yote hayo. Watatu hao wanapigwa mwanga uleule wanaopigwa watu halisi, wanaongea kwa sauti ileile, wana uzito uleule wa mwili. Kanuni moja tu inashikiliwa kwa ukali: hawawasiliani na yeyote wa ulimwengu wa wengine. Hakuna anayewasalimia wala kuwajibu isipokuwa Nash, na hata njiwa hawawatambui.

Kwa nini mtazamaji hashtuki? Kwa sababu anamfahamu Parcher. Amekwisha kumwona mara nyingi, na kofia yake na maneno yake ya mkato, katika filamu za kijasusi za Vita Baridi. Mazoea hayo ya sinema yanageuka mtego. Daktari anapotamka kwamba Parcher hayupo, mtazamaji anashuku daktari kwanza. Kisha Alicia, mke wa Nash, analeta bahasha ambazo mumewe alikuwa akizitumbukiza kwenye sanduku la posta la jumba lililohamwa. Zote bado zimefungwa. Hakuna aliyewahi kuzichukua. Kwa dakika hizo chache mtu mwenye akili timamu anaonja hali ya mgonjwa: ameona kwa macho yake, anaambiwa hakuona. Filamu chache zimewahi kufika hapo, na sifa hiyo Howard anastahili kupewa bila kupunguziwa.

Lakini gharama yake ni kubwa. Nash wa kweli hakuwa na Charles, hakuwa na Parcher. Ugonjwa wake ulijitokeza mwanzoni mwa 1959, akiwa na umri wa miaka 30, na ulianza kama imani. Aliamini kwamba wanaume waliovaa tai nyekundu walikuwa katika njama ya kikomunisti. Aliamini kwamba gazeti la New York Times lilikuwa likimpa ujumbe kutoka kwa viumbe wa sayari nyingine. Alikataa kazi nzuri katika Chuo Kikuu cha Chicago kwa maelezo kwamba alikuwa karibu kuwa mfalme wa Antaktika. Sauti za kichwani zilikuja miaka kadhaa baadaye. Hata miongoni mwa watu zaidi ya milioni 20 wanaoishi na skizofrenia duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, kusikia sauti ni jambo la kawaida zaidi kuliko kuona watu.

Mwongozaji ana utetezi: kamera hupiga picha ya mtu, haipigi picha ya imani. Ni kweli. Ila kosa linakua pale suluhisho linapofuata. Nash wa filamu anafunguka macho anapotambua kwamba Marcee hakui, miaka inapita naye ni mtoto yuleyule. Hoja moja, na fundo limelegea. Imani ya mgonjwa haivunjiki hivyo. Alipoulizwa na mwanahisabati mwenzake, George Mackey, ilikuwaje mtu wa mantiki akaamini habari za viumbe wa angani, Nash alieleza kwamba mawazo hayo yalimjia kwa njia ileile kama mawazo ya hisabati, na ndiyo sababu aliyatilia maanani. Yaani kipawa na maradhi vilipita mlango mmoja.

Na filamu yenyewe iligusa ukweli huo mahali pamoja. Nash anaposimama mbele ya ukuta wa tarakimu huko Pentagoni, tarakimu zinazounda mpangilio zinawaka mwanga. Baadaye, akiwa amezungukwa na kurasa za magazeti, maneno yanawaka kwa mwanga uleule. Filamu haimpi mtazamaji alama ya kutofautisha ugunduzi na upotofu. Sekunde hizo zina ukweli mwingi kuliko Charles na Parcher wote wawili.

Fasihi haina tatizo la kamera. Nikolai Gogol, katika hadithi yake ya 1835, alimpa karani wa St. Petersburg shajara na kuziacha tarehe zifanye kazi. Mwanzoni ni Oktoba, Novemba, Desemba, kama kawaida. Karani anasoma magazetini kwamba kiti cha ufalme wa Hispania kina mgogoro, suala ambalo kweli lilizuka baada ya kifo cha Ferdinand wa Saba mwaka 1833. Ghafla Aprili inakuwa na siku 43, na mfalme aliyekosekana amepatikana: ni karani mwenyewe. Hakuna msimulizi anayeingilia kueleza.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Bessie Head katika riwaya ya A Question of Power, ya 1973. Alizaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ambako mama yake Mzungu alikuwa amelazwa. Baba yake alikuwa Mwafrika. Mwaka 1964 alihamia Botswana ya leo, na mwaka 1971 naye alilazwa katika hospitali ya Lobatse. Elizabeth, mhusika wake, anatembelewa usiku kibandani na Sello, Medusa na Dan. Sello yupo pia kijijini kama mtu halisi, mkulima na mfugaji, hivyo msomaji hana bahasha iliyofungwa ya kumwokoa. Wageni hao wanamsimanga kwamba yeye ni chotara, si Mwafrika kamili. Matusi hayo hayakuzuliwa na ubongo wake. Ni sheria za ubaguzi wa rangi zilizomlea, sasa zimepata midomo.

Halafu kunakucha, na Kenosi, mwenzake wa kazi, anabisha hodi ili waende bustanini. Aya za mboga na miche zinafuatana na aya za mateso bila onyo, kwa sababu ndivyo siku ya mgonjwa ilivyo: anaugua, na bado kuna kazi ya kufanya.

Tukirudi kwa Howard, uongo mmoja wa filamu yake unasameheka kwa urahisi. Nash wa filamu anasema anatumia dawa za kisasa. Nash wa kweli aliacha dawa mwaka 1970. Sababu iliyotolewa ni hofu kwamba wagonjwa wangeacha zao, na hofu hiyo ni ya haki.

Kwenye filamu zetu nyingi mgonjwa wa akili bado anaingia na matambara, anachekesha, anatoka. Kutajwa kwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe au Mathari kunatosha kuwa tusi. Waandishi wa miswada wa Dar es Salaam na Nairobi hawahitaji bajeti ya Hollywood kubadili hilo. Kabla ya kumvika mhusika huyo nguo, waandike kwanza anaamini nini, na jana aliona kitu gani kilichomthibitishia.