Mama Aliyefanywa Yaya: Riwaya ya Malaeska na Mwandishi Wake

Mwezi wa Juni mwaka 1860, nyumba ya uchapaji ya Beadle, mjini New York, ilitoa riwaya fupi iliyouzwa kwa senti kumi. Hiyo ndiyo Malaeska, riwaya iliyofungua mfululizo mashuhuri wa vitabu vya bei nafuu nchini Marekani. Mtunzi wake, Bibi Ann S. Stephens (1810–1886), alikwisha kuitoa hadithi hiyo gazetini tangu mwaka 1839.

Wapo wanaodhani kwamba kitabu cha bei ndogo hakistahili uhakiki. Dhana hiyo ni potofu. Kitabu kinachoingia mfukoni mwa kijana na mfanyakazi hujenga fikra za taifa, kwa wema au kwa ubaya. Kwa hiyo yafaa kipimwe kwa mizani ile ile ipimayo vitabu vya wasomi.

Malaeska ni binti wa wenyeji wa asili wa Amerika, ambao vitabu vya zama zile viliwaita Wahindi Wekundu. Ameolewa na mwindaji Mzungu, na wamejaliwa mtoto wa kiume. Vita vinapozuka, mumewe na baba yake wanauana. Mume, katika kukata roho, anamwusia ampeleke mtoto kwa babu na bibi yake huko Manhattan. Wazee wale wanampokea mjukuu, lakini mama wanamkubali kwa sharti moja tu: akae kama yaya, asimwambie mtoto kwamba ndiye aliyemzaa. Anajaribu kutoroka naye, anakamatwa, ananyang'anywa. Mtoto analelewa katika chuki dhidi ya watu wa mama yake. Anapokaribia kuoa, ndipo Malaeska anapomfunulia siri. Kijana hawezi kuibeba aibu aliyofundishwa. Anajiua, na mama naye anafariki.

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Lakini je, kijana huyu aliwakataa kwao? Kwao alifichwa. Aibu iliyomwua ilipandwa na waliomlea, nao ndio wanaopaswa kushtakiwa. Hapa Bibi Stephens ameona mbali: ameonyesha kwamba dharau hurithishwa nyumbani, mezani na kitandani, kabla haijashika bunduki.

Hata hivyo, hakufika mwisho wa njia. Anamlilia mama, lakini watu wa mama huyo anawachora kama wakali wa msituni. Tena vifo vile viwili vinamwondolea msomaji mzigo mzito. Kama kijana angaliishi, jamii ingalilazimika kujibu: chotara huyu ana nafasi gani kati yetu? Mwandishi amelizika swali pamoja na mtu. Hata lugha yake, iliyojaa machozi, humfanya msomaji ahurumie pasipo kuhoji.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, nyumba hiyo hiyo ilitoa Seth Jones, kazi ya kijana Edward S. Ellis. Humo wenyeji wa asili ni maadui wanaoteka binti wa mlowezi, na shujaa ni Mzungu anayemwokoa. Kitabu hicho kilivuma sana, nao waigaji wakakifuata. Hivyo mama mwenye huzuni aliyeufungua mlango aliachwa nje, wakaingia wenye bunduki. Kwa sababu hiyo Malaeska, pamoja na kasoro zake, ingali yastahili kusomwa: ndani yake mna swali ambalo waliofuata hawakutaka hata kuliuliza.