Mchanga, Nyasi na Udongo wa Kichuguu

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara yoyote, hufiki mbali kabla ya kukuta kichuguu kilichochimbwa nusu na matofali mabichi yamepangwa kando yake yakauke. Vichuguu vya Katanga si vya mchezo. Mchwa wa jamii ya Macrotermes hujenga vilima vinavyoweza kupita mita 5 kwenda juu, na udongo wake huutoa chini, chembe kwa chembe. Hubeba zilizo laini na kuacha changarawe, ndiyo maana udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayouzunguka. Mfyatua matofali anaupenda kwa kuwa unashika. Anauchukia kwa sababu hiyohiyo: ukikauka unasinyaa, na tofali linapasuka kabla halijafika ukutani.

Dawa ya kale ni nyasi zilizokatwakatwa. Nyasi hazizuii ufa kuanza. Kazi yake ni kuushika usipanuke. Ufa ukifunguka, kila unyasi uliouvuka huvutwa huku na huku mpaka ukatike au uchomoke. Ule msuguano wa kuchomoka ndio unaokula nguvu ya pigo, na ndiyo sababu tofali lenye nyasi huonya kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo swali lenyewe ni moja: udongo umeushika unyasi kwa kiasi gani?

Na hapa ndipo mchanga unapoingia. Wengi wanauona mchanga kama kijazio cha kubana matumizi, kitu cha kuongeza wingi tu. Nadhani wanakosea. Mchanga hausinyai; unapochukua nafasi ya sehemu ya mfinyanzi, mchanganyiko wote hupungua kusinyaa, nyufa za kukauka hupungua, na tofali hustahimili mzigo zaidi. Lakini ukizidi, mfinyanzi uliobaki hautoshi kupaka chembe za mchanga na nyasi pia. Matundu madogo hujitokeza kando ya nyuzi, na unyasi unatoka kama mwiko kwenye bukari, ugali wa huku, isiyoshikana. Anayechanganya unga wa mahindi na wa muhogo hahitaji kuelezwa: kila unga una kiasi chake, na kiasi hicho hubadilika kufuatana na maji.

Sheria hiyo haibadiliki hata udongo ukiachwa na gundi ya kiwandani ikachukua nafasi yake. Chukua katani iliyolowekwa katika rezini, kisha utie unga wa mawe ya chokaa. Ukakamavu huongezeka. Uwezo wa kunyumbuka kabla ya kukatika hupungua, na mara nyingi uwezo wa kustahimili pigo pia. Nguvu ya kuvutwa ndiyo yenye hila: hupanda kidogo, hufika kilele, kisha hushuka, kwa sababu unga ukizidi hujikusanya madonge, na kila donge ni mahali pa ufa kuanzia. Kilele hicho kiko wapi? Inategemea ukubwa wa chembe, na kama katani ilioshwa kwa soda kali ili gundi ishike. Anayekutajia asilimia moja ya kutumika popote anakuuzia maneno.

Kuna vijazio vinavyofanya zaidi ya kujaza, na mfano bora ni katani ndani ya saruji. Mabati ya saruji na katani yalitoka imara, kisha baada ya muda yakawa mepesi kuvunjika. Mtafiti wa Uswidi, Hans-Erik Gram, alieleza sababu mwaka 1983. Uzi wa katani ni fungu la vijiuzi vifupi vilivyounganishwa kwa lignini na hemiselulosi. Saruji inapogandamana huacha chokaa nyingi, maji ya ndani yake huwa makali, na ukali huo huyeyusha kile kiunganishi. Uzi unabaki umbo tu. Kinga mojawapo ni kuondoa sehemu kubwa ya saruji na kutia unga laini wenye silika, ambao hula chokaa hiyo.

Kwa mtu wa Lubumbashi anayetafuta unga kama huo, jicho huenda moja kwa moja kwenye lile jalala jeusi lililo kando ya bomba refu la moshi, masalio ya shaba iliyoyeyushwa hapa kuanzia 1911. Ni mengi. Mimi nisingeyagusa. Yana zinki, na zinki huchelewesha saruji kugandamana. Vumbi lake nalo si la kuvuta.

Jibu liko karibu zaidi. Mfinyanzi wa huku una kaolini, na kaolini ikipata moto wa nyuzijoto za Selsiasi kama 600 hadi 800 hugeuka kuwa unga unaokula chokaa. Moto wa kiasi hicho ndio unaoyapata matofali hafifu ya pembeni mwa tanuri, ambayo mwashi huyakataa kwa kuwa hayakuiva vizuri. Wahindi wamesaga matofali ya aina hiyo tangu zamani, wakayaita surkhi. Yachekeche laini, uyajaribu na katani. Yale ya katikati, yaliyopita moto hadi kung'aa kama kioo, yaache: hayo ni mchanga tu.