Mguu wa Mpiga Solo

Ukumbini watu hutazama vidole vya mpiga gitaa. Mimi hutazama mguu wake. Pale chini, katikati ya nyaya, kuna visanduku viwili vitatu vya chuma, yaani pedali, kila kimoja na kitufe cha kukanyaga, na mwenye gitaa anajua lini akikanyage na lini akiache. Ustadi huo hatuusifu vya kutosha. Watunzi tunawasifu, waimbaji tunawasifu, tena kwa haki. Mpiga solo tunamsifia wepesi wa vidole tu. Ile rangi ya sauti inayokufanya umtambue mtu kabla hajamaliza kipande chake cha kwanza tunaipita kimya, kama vile ilikuja yenyewe na umeme.

Nataka kuisifu, na nitasimama Mkoa wa Pwani, katika Kibaha na Kisarawe. Sababu ninayo. Kibaha ipo kwenye Barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, njia ileile ya kwenda mji wa Morogoro alikokulia kimuziki mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. Kisarawe inafikiwa kwa kupita Pugu, na Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere, ndiyo iliyokuwa na studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zilikorekodiwa nyimbo nyingi za dansi tunazoziita zilipendwa. Tena Kisarawe ni Uzaramo. Sikinde, mtindo uliowatambulisha Mlimani Park tangu bendi hiyo ianze mwaka 1978, ulichukua jina la ngoma ya Wazaramo. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini wapiga gitaa wetu wanapenda pedali hizi na si zile hana haja ya kuanzia dukani. Aanze na masikio ya watu wa huku.

Mwaka 1970 Mbaraka na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Miaka miwili baadaye, katika jiji hilohilo, Ikutaro Kakehashi alianzisha kampuni ya Roland. Sidai kwamba jambo la kwanza lilizaa la pili. Lakini napenda kuyataja pamoja, kwa kuwa ni kampuni hiyo iliyotoa amplifaya ya JC-120 mwaka 1975, ikiwa na korasi ndani yake, na mwaka uliofuata ikaitoa korasi hiyo na kuiweka kwenye kisanduku chake chenyewe, CE-1, chini ya jina la Boss. Hiyo ndiyo korasi ya kwanza ya kukanyaga kwa mguu.

Korasi huigawa sauti ya gitaa sehemu mbili. Nusu moja inapita moja kwa moja. Nusu ya pili inacheleweshwa kwa sehemu chache za elfu ya sekunde, na ucheleweshaji wenyewe hautulii: unaongezeka na kupungua polepole, hivyo sauti ya pili inapanda na kushuka kidogo mno kuizunguka ile ya kwanza. Zikikutana kwenye spika, sikio linasikia magitaa mawili yaliyokaribia kulingana bila kulingana kabisa. Kazi ya kuchelewesha ilifanywa na kipande kidogo cha elektroniki kilichobuniwa mwaka 1969 na wahandisi wa Philips, Uholanzi. Ndani yake umeme hupokezwa kituo kwa kituo, kama watu waliojipanga kwenye msaragambo wakipokezana ndoo za maji kutoka mtoni hadi penye ujenzi. Katika CE-2, pedali ndogo ya buluu iliyotoka mwaka 1979, vituo hivyo ni 1,024. Na kwa kuwa kila ndoo humwagika kidogo njiani, sauti inafika mwisho ikiwa imepungua ukali wa juu. Upungufu huo ndio uliofanya wapiga gitaa waipende. Noti inakuwa na ulaini ambao pedali nyingi za kisasa, zenye hesabu safi kuliko ile, zinahangaika kuuiga.

Kwa nini sauti hiyo ilituingia haraka hivi? Jibu langu ni kwamba tulikuwa nayo tayari. Keti karibu na kundi la taarabu. Kanuni kwa kawaida ina nyuzi tatu kwa kila noti, na udi una nyuzi za jozi. Hakuna fundi anayeweza kuzifunga nyuzi tatu zikawa sawa kwa asilimia mia. Zinaachana kwa unywele, na katika unywele huo ndimo unamotoka mng'ao. Masikio ya pwani yamelelewa na mng'ao huo kwa vizazi. Gitaa la umeme la nyuzi sita, likichomekwa kwenye amplifaya bila kitu katikati, lina ukavu fulani kwa mtu aliyezoea kanuni. Ndala Kasheba aliuondoa ukavu huo kwa njia ya zamani kabisa: alipiga gitaa la nyuzi 12, nyuzi mbilimbili kila mahali, akapata korasi ya mbao na chuma isiyohitaji betri. Alifariki mwaka 2004, na mpaka leo ukitaka kumweleza kijana korasi ni nini, huna haja ya mchoro; mpigie rekodi ya Kasheba.

Pedali ya pili katika mapenzi ya wapiga gitaa wetu ni dilei, pedali ya mwangwi. Zamani mwangwi ulitengenezwa kwa utepe wa sumaku unaozunguka ndani ya mtambo mzito. Roland walikuwa na wao, RE-201, mwaka 1974, na kuubeba hadi jukwaani ilikuwa shughuli. Mwaka 1983 Boss wakatoa DD-2, dilei ya kidijitali inayoingia mfukoni mwa koti. Toka hapo mwangwi ukawa mali ya mpiga gitaa mwenyewe, akauhamishia mguuni.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu dilei ndiyo inayoonyesha akili ya mpigaji kuliko pedali nyingine zote. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja linachukua milisekunde 500. Ukiuweka mwangwi kwenye 500, noti inarudi juu ya pigo linalofuata na inajificha chini ya noti mpya, hujapata kitu. Ukiuweka kwenye 375, yaani robo tatu ya pigo, noti inarudi mahali ambapo vidole havipo. Sasa mtu mmoja anasikika kama wawili, na wa pili anajibu penye upenyo. Wimbo ukienda kasi zaidi, hesabu inabadilika, na mpigaji mzuri hapigi hesabu kwa kalamu. Anazungusha kitufe huku akimsikiliza mpiga tumba, mpaka jibu litue.

Kutua penye upenyo ni sheria ya ngoma kabla ya kuwa sheria ya gitaa. Mdundiko ukipita barabarani Kisarawe, ukisindikiza harusi au mwali, hakuna ngoma inayopiga kila mahali. Kila moja inaacha nafasi, na nyingine inaiingia. Aliyekua akiufuata mdundiko utotoni hafundishwi dilei na kitabu cha maelekezo. Anapokuja kuishika, anaijua kazi yake.

Sheria hiyohiyo inaeleza kwa nini pedali inayopendwa kuliko zote kwa wapiga roki, ile ya kukwaruza sauti, haikupata kiti cha mbele katika dansi. Historia yake yenyewe ni nzuri. Mpiga gitaa Grady Martin alikuwa studioni Nashville, Marekani, kwa wimbo uliotoka mwaka 1961, na mtambo wa kurekodia ukaharibika. Sauti ikatoka imechanika, wakaiacha hivyohivyo. Mwaka 1962 kampuni ya Maestro ikauza kisanduku cha kuiga hitilafu hiyo, na mwaka 1965 Rolling Stones wakaipeleka dunia nzima. Dar es Salaam nayo ilikuwa na wapenzi wake: kundi la Sunburst, katika rekodi zao za 1973 hadi 1976, lilichanganya roki na ngoma kwa ujasiri ambao bado unanisisimua. Na mkwaruzo wenyewe si mgeni kwetu. Ilimba ya Wagogo, ile aliyoipiga Hukwe Zawose wa Bagamoyo mpaka jina lake likafika mabara mengine, ina tundu linalofunikwa kwa utando wa buibui ili kila noti ivume na kunung'unika kidogo. Mtu alikaa akautafuta utando huo, akaubandika, akasikiliza, akauona unafaa. Hiyo ni kazi ya pedali kabla ya umeme.

Lakini dansi ina magitaa matatu na besi. Solo inazungumza, solo ya pili inashikilia kipande kifupi kinachojirudia, rithimu inasukuma. Sikiliza Mlimani Park ya miaka ya mwanzo ya 1980, enzi za Michael Enoch, Abel Balthazar na Joseph Mulenga: wimbo ukishaingia kwenye chemko, ile sehemu yake ya kuchezwa, unaweza kumfuata kila mpigaji peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kama unataka, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Pedali ya kukwaruza hunenepesha noti, huijaza mavumo ya pembeni, na gitaa moja likinenepa hivyo mengine mawili hayana pa kupita. Mpiga solo wa dansi anayeiacha pedali hiyo nyumbani anawaheshimu wenzake. Mimi hilo naliona ni adabu ya fani, na ni moja ya mambo mazuri kuliko yote katika muziki wetu.

Leo, Kibaha, gitaa la solo utalisikia zaidi kanisani kuliko ukumbini. Bendi zipo, hata jina la Ruvu limewahi kubebwa na bendi ya dansi ya Jeshi la Kujenga Taifa, Ruvu Stars. Lakini Jumapili, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, vijana wa kwaya ndio wanaoinama kurekebisha vitufe kabla ya ibada. Wengi wana kisanduku kimoja chenye kila kitu ndani, sauti makumi kwa makumi, kwa bei iliyo chini ya pedali mbili nzuri. Nawaelewa kabisa. Nimewasikia wengine wakipiga kwa uzuri wa kunitoa machozi. Ninachowaomba ni kuchagua sauti tatu, kuzizoea mwaka mzima, na kuzisahau zile nyingine. Sauti anayoijua mtu kwa mguu ina faida kuliko mia anazozitafuta kwenye kioo wakati mwimbaji amekwisha kuanza.

Ukienda ndani zaidi Kisarawe, upande wa Maneromango na Mzenga, sherehe ikikaa mbali na nguzo za umeme kuna jenereta, na jenereta huweza kuingiza mvumo wake kwenye pedali zilizounganishwa nayo. Hapo betri ya volti tisa inashinda adapta nyingi. Sauti inakuwa tulivu zaidi. Ila pedali nyingi za namna hii huwashwa na jeki yenyewe: waya ukibaki umechomekwa upande wa gitaa, betri inaliwa hata kama taa imezimwa na mwenyewe amelala. Wazoefu huchomoa waya kila wimbo wa mwisho unapokwisha. Adapta nayo iangaliwe kabla ya kuchomekwa, maana pedali nyingi zinataka hasi katikati, na ya redio ya zamani ikiwa kinyume inaweza kuunguza kazi ya miezi ya kuweka akiba.

Viongozi wa kwaya na wenye bendi, nina ombi kwenu pia. Vyombo vikinunuliwa, fedha huishia kwenye spika na kinanda, na mpiga gitaa anaambiwa ajitegemee. Mwekeeni fungu lake, na mwacheni achague mwenyewe, kwa sababu masikio yatakayotumika ni yake.

Na wewe kijana wa Mlandizi au wa Masaki ya Kisarawe uliyeweka akiba ya pedali moja tu, nunua dilei. Iweke mwisho wa mstari, baada ya pedali nyingine zote utakazokuja kuzipata, ili mwangwi usikwaruzwe. Punguza marudio yasizidi mawili. Kisha kaa na mpiga ngoma, si na simu, mpaka uisikie noti yako ikirudi mahali ambapo yeye ameacha nafasi.