Jiwe Lisilo la Hapa

Baba mkubwa alichimba vito upande wa Kasigau hadi nguvu zikamwishia, akatuachia mkebe wa maziwa ya unga uliojaa mawe. Niliupeleka kwa mzee mmoja mnunuzi hapa Voi. Akamimina mezani: ganeti nyekundu, vipande vya tsavoraiti, turumalini. Moja akalitenga, la kijivu, bapa, lenye mizunguko.

Hakukimbilia jina. Alililowesha kwa mate, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Gamba la konokono kwa kawaida huinuka upande mmoja likachongoka. Hili pande zote mbili zilifanana. Kisha akaweka lenzi jichoni, akaitafuta sehemu iliyobanduka. Pale palikuwa na mistari iliyokunjamana kama ukingo wa jani, alama za kuta za vyumba vya ndani.

"Amonaiti, mwanangu. Ndugu wa ngisi na pweza. Walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Lakini si la hapa."

Hilo la mwisho ndilo lililonifunza kazi ya kutambua mawe. Miamba ya Taita ilizama chini, ikaokwa na kukunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla amonaiti yeyote hajakuwapo. Joto hilohilo lilitupa tsavoraiti. Kwa hiyo akateremka na reli kwa mawazo hadi pwani, kwenye miamba ya matope ya Miritini na Changamwe, iliyokuwa sakafu ya bahari miaka milioni 150 na zaidi iliyopita. Nikakumbuka: kabla ya vito, baba mkubwa alikuwa kibarua Miritini.

Nilimwomba jina kamili la amonaiti huyo. Akakataa, na kukataa kwake nakuheshimu kuliko jibu lolote. Bila kujua tabaka lilimotoka jiwe, angekuwa anabahatisha. Mfano wa thamani ya kujua mahali ni mifupa, pamoja na taya, iliyochimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, ikakaa miongo kadhaa kwenye droo za makumbusho Nairobi. Matthew Borths na Nancy Stevens walipoitangaza mwaka 2019 kuwa Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama wa miaka milioni 22 hivi asiye simba wala fisi, taya lile lilikuwa bado linajulikana lilikotoka. Aliyeandika mahali lilipotoka alikuwa amefanya nusu ya kazi.

Mzee akanielekeza nilipeleke jiwe Makumbusho ya Taifa. Kabla ya kulifunga, alichukua penseli akaandika kwenye karatasi: "Mkebe wa mchimbaji, Voi. Pengine Miritini." Neno "pengine" akalipigia mstari.