Namna ya Kumjua Fundi Hodari wa Usukani

Kolwezi, makao makuu ya Lualaba tangu 2015, imezungukwa na machimbo, na katika Barabara ya Taifa nambari 39 iendayo Fungurume na Likasi magari madogo hupita njia moja na malori ya shaba na kobalti. Basi vumbi la kiangazi likishapenya katika mpira uliopasuka wa kuikinga rotuli, yaani kiungo cha tufe cha usukani, na mashimo ya wakati wa mvua yakafuata, usukani hauchelewi kupiga kelele. Hapo ndipo mwenye gari anapopaswa kumpima fundi kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Alama ya kwanza ni maswali yake. Fundi hodari hashiki spana mpaka ajue sauti yasikika lini: asubuhi injini ingali baridi, au wakati wote, gari limesimama, au likipita shimoni.

Alama ya pili ni kupambanua. Mguno unaozidi usukani ukatwapo aghalabu hutokana na upungufu wa mafuta ya usukani au hewa iliyoingia pampuni, naye hufunua chupa ya mafuta akatafuta povu. Mlio mkali unaofuata ukataji wa ghafula humwelekeza kwenye mkanda uliolegea. Na ule mfululizo wa ta-ta-ta gari livutapo katika kona, hakika si maradhi ya usukani, bali ya kiungo cha ekseli ya mbele. Ama mvumo mdogo usikikao usukani ukifika ukomo wake, huo ni wa kawaida, na fundi mwaminifu atakuambia usiushikilie hapo, kisha akuruhusu uende zako bila malipo.

Alama ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni ithibati. Kishindo kinapotoka chini, fundi huyo huyaacha magurudumu ardhini yabebe uzito wa gari, akayawekea vizuizi, akamweka msaidizi ndani autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, ilhali yeye amelala chini, vidole vimeizunguka rotuli ya ufito wa usukani. Na kiungo kilicholegea humgonga vidoleni hata pale ambapo sikio halijakitambua. Kisha hukuita wewe mwenyewe uweke mkono palepale.

Kazi ikiisha, hukurudishia kipande cha zamani, huhimiza magurudumu yapangwe upya ili matairi yasilike upande mmoja, na hupita nawe katika mashimo yaleyale. Mwenye kukisia hubadilisha kifaa kizima ukalipa, nayo sauti ikabaki, na hatari pia. Kwani rotuli ikichomoka njiani, gurudumu halimtii dereva tena. Madhali ni hivyo, anayekuonyesha ubovu kabla ya kutaja bei ndiye anayestahili kazi, hata akiwa ghali kuliko jirani yake.