Pongezi kwa Fundi Anayejiundia Mashine
Fundi anayejiundia mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta anastahili pongezi kuliko anayeinunua, maana ikiharibika anajua pa kushika. Dar es Salaam, wabunifu wa STICLab wameshaunda printa za pande tatu, ambazo nazo huongozwa na kompyuta, kwa vipuri vya taka za kielektroniki. Lomé, Togo, mbunifu Kodjo Afate Gnikou alifanya hivyo mwaka 2013. Simiyu nayo si ngeni kwa ari hii: vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki wakati wengi wakiujua mkoa huu kwa pamba tu.

Wapo watakaosema mota anazozitoa fundi kwenye printa chakavu ni dhaifu. Kweli, kwa mbao ngumu kama mninga hazifai. Zinatosha kuchora, na anayetaka kuchonga anunue kubwa zaidi, fremu aichomelee hapo hapo Bariadi, mkoani Simiyu. Watasema umeme hukatika. Hoja hii ni nzito zaidi: mota hizi huhesabu hatua tu, hivyo zikizimika katikati ya kuchonga ua la mlango, mashine hupoteza mahali ilipofikia. Ndiyo maana fundi makini huweka alama ya sifuri kwenye kona ya ubao. Umeme ukirudi, anapima upya kuanzia hapo. Na seremala je, atakosa kazi? Hapana. Kuchagua ubao uliokauka, kupiga randa na msasa, bado ni kazi yake.