Matengenezo: Neno Moja Lililobebeshwa Kazi Nne

Miongoni mwa maneno yanayotumika katika shughuli za majengo ya biashara, neno "matengenezo" limebebeshwa mzigo kupita kiasi. Fundi akipita kuandika nyufa alizoziona, husemwa kwamba yumo katika matengenezo. Mifereji ya paa ikizibuliwa kabla ya masika, ni matengenezo. Lifti iliyokwama ikitiwa kifaa kipya, ni matengenezo. Hata jengo zima likibanduliwa lipu na kuimarishwa nguzo zake, bado ni matengenezo.

Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Limetokana na kitenzi "tengeneza", yaani kukifanya kitu kiwe katika hali njema. Lakini kitenzi hicho hakituambii kama kitu kilikuwa kimekwisha kuharibika au kilikuwa bado kizima. Katika mazungumzo upungufu huu haudhuru. Katika mkataba wa upangaji unadhuru. Tuchukue mfano wa sharti la namna hii: "Mwenye jengo atafanya matengenezo inapobidi." Mpangaji hudhani ameahidiwa kwamba jengo litaangaliwa daima, mwenye jengo hudhani ameahidi kurekebisha kitakachovunjika tu. Wote wawili wamesoma Kiswahili sawasawa.

Jambo hili si la maneno matupu. Ufa katika nguzo ya zege hupitisha maji na hewa. Nondo hushika kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalisukuma zege mpaka likabanduka. Katika miji ya pwani hewa ya chumvi huharakisha uharibifu huo. Yote hayo hutendeka kabla jambo lo lote "halijabidi" machoni pa anayengoja kitu kivunjike.

Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba msamiati ndio ulioliangusha. Twasema tu kwamba baada ya msiba ule serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Na kukagua ndiyo kazi ambayo sharti letu la mfano halikuitaja kabisa.

Ni maoni yetu kwamba hapana haja ya kubuni maneno mapya, bali kuyagawia kazi yale tuliyo nayo. "Ukaguzi" uwe ni kuangalia hali ya jengo na kuiandika. "Utunzaji" uwe ni kukizuia kilicho kizima kisiharibike. "Matengenezo" yawe ni kukirudishia uzima kilichoharibika. "Ukarabati" uwe ni kulirudishia hali njema jengo zima au sehemu yake kubwa.

Aidha, tunashauri "ukaguzi wa kawaida" uachwe. "Kawaida" humfanya msomaji adhani kwamba jambo halina uzito. "Ukaguzi wa mara kwa mara" nao haufai, kwani mara kwa mara ya mwenye jengo si ile ya mpangaji. Afadhali "ukaguzi wa vipindi", maana humlazimisha mwandishi ataje kipindi chenyewe: kila mwezi, kila mwaka.

Huenda ikasemwa kwamba mafundi wanaelewana bila ya msaada wetu. Ni kweli, lakini mkataba hauandikiwi fundi, huandikiwa watu wawili watakaokuja kubishana. Wahenga walikwisha kutenganisha mambo haya waliposema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ni kazi moja, kujenga ni nyingine, na gharama zake hazikaribiani. Wala hapana awezaye kuziba ufa asiouona. Kwa hiyo ukaguzi utajwe kwa jina lake, na utajwe kwanza.

Tunawaomba wahandisi na wanasheria wenye maoni tofauti watuandikie.